Rebmann, Bwana Kheri na mlima wa fedha uliogeuka maji

Abiria anayetoka Mombasa kwenda Voi, akishaiacha Mackinnon Road, huanza kuona upande wa kushoto mlima mmoja uliosimama peke yake katikati ya nyika. Hauna mwenzake karibu. Unatoka kwenye tambarare kama kisiwa kinavyotoka baharini, kichwa chake mara nyingi kimevikwa wingu hata siku ambayo huku chini jua linachoma mawe. Huo ni Kasigau, mlima wa zaidi ya mita 1,600, na mji wa barabarani ambako utashuka ukitaka kuufikia ni Maungu, katika wadi ya Marungu. Wazee wetu wa misafara waliuita Kadiaro.

Watu wengi wa Pwani wamepita hapo mara mia na hawajui kwamba mlima huo na kilima cha Maungu vimo katika kisa kilichowagombanisha wasomi wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 10. Kisa chenyewe kinahusu mlima mwingine wa mbali zaidi, mlima ambao huku kwetu ulisemekana kuwa umejaa fedha. Na mtu aliyekipeleka kisa hicho duniani alikuwa Mjerumani mwembamba wa mwili, mwenye mwavuli mkononi, aitwaye Johannes Rebmann.

Alizaliwa Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg. Ni nchi ya mashamba ya mizabibu, na jamaa zake walikuwa wakulima wa kawaida. Alisomea umisionari Basel huko Uswisi, kisha akapelekwa London, akaajiriwa na shirika la misheni la Kianglikana, CMS. Usishangae Mjerumani kufanya kazi ya Waingereza. Wakati ule shirika hilo lilikuwa na Wajerumani wengi. Mmoja wao, Ludwig Krapf, alikuwa tayari Mombasa tangu 1844, na hapo hapo, miezi michache baada ya kufika, alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Rebmann alifika Juni 1846 kuwa msaidizi wake. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Mombasa aliyoikuta ilikuwa imetoka tu mikononi mwa Mazrui, chini ya miaka 10 iliyopita, na sasa ilikuwa na liwali wa Seyyid Said wa Unguja. Wamisionari hao wawili hawakukaa mjini sana. Agosti mwaka huo huo, wote wakiwa na homa kali, walipanda hadi Rabai kwa wazee wa Kirabai waliokubali kuwapa mahali. Hapo wakajenga, na hapo Rebmann akakaa karibu maisha yake yote yaliyobaki.

Basi hiyo fedha ilitoka wapi?

Misafara ya Waswahili na ya Wamijikenda ilikuwa ikivuka nyika ya Taru muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote, kwenda Taita, Taveta na Uchagani, ambako siku zile huku Pwani kukiitwa Jagga. Walikwenda kutafuta pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Njia ilikuwa ngumu kwa sababu ya maji. Kulikuwa na ngurunga za Taru, yaani mashimo kwenye mwamba yanayoshika maji ya mvua, kisha ukame mtupu hadi Maungu, ambako maji yenyewe yalikuwa juu ya kilima na mtu aliyechoka ilimbidi apande ndipo anywe. Walioweza njia hiyo walikuwa watu wa kuheshimiwa. Na waliporudi walirudi na habari za mlima mkubwa sana wenye kichwa cheupe kinachong'aa.

Lugha yetu ina neno moja, fedha, kwa ile madini nyeupe na kwa pesa za mfukoni. Kwa hiyo mtu aliyesikia kwamba kuna mlima umefunikwa kitu cheupe kinachometa, hakuhitaji kufikiri mara mbili. Ilisemekana kwamba mtawala mmoja wa Machame, jina lake Rungua, aliwahi kutuma kundi la watu wapande wakaichukue. Wengi hawakurudi. Aliyerudi, na simulizi ilimtaja kwa jina la Sabaya, alirudi mikono na miguu imeharibika. Wengine walisema kitu hicho cheupe kilitiwa kwenye chupa na vibuyu, na kilipofika chini kilikuwa maji matupu. Kwa hiyo ikathibitika kwa wengi kwamba fedha ile ina wenyewe, na wenyewe ni majini. Rebmann alipokwenda kuaga Mombasa, liwali mwenyewe alimwonya asithubutu kuupanda mlima huo, maana pepo wake huua watu na huwakausha viungo, na hata baruti huko juu hukataa kuwaka.

Mimi sioni upuuzi wowote katika hadithi hiyo. Ondoa majini na ubakishe yaliyotokea: watu walipanda bila nguo za kutosha, baridi ikawaua, aliyepona vidole vilikufa ganzi na kuoza, na barafu iliyotiwa kwenye chupa iliyeyuka. Baruti yenye unyevu haiwaki. Kila kilichosimuliwa kilikuwa kimeonwa na mtu. Kilichokosekana ni mtu aliyekulia mahali penye theluji, akisikia maneno hayo aseme, hiki nakijua.

Safari ya kwanza ya Rebmann bara ilikuwa Oktoba 1847, na haikufika mbali zaidi ya Kasigau. Alikwenda na kundi dogo la Warabai na Waislamu wa Pwani, akavuka nyika, akapanda hadi vijiji vya mlimani, kwa sababu wakati huo watu wa Kasigau waliishi juu, mbali na wavamizi wa tambarare. Akahubiri, akatazama, akarudi salama. Kwa hesabu ya kawaida safari hiyo ni ndogo. Lakini ilimwonyesha kwamba nyika inavukika, na kwamba Kadiaro ni mlango tu. Nyuma yake kulikuwa na Ndara, Bura, halafu Jagga.

Ndipo anapoingia Bwana Kheri.

Bwana Kheri alikuwa kiongozi wa misafara, Mswahili aliyeijua njia ya Uchagani, watawala wake, bei zake na hatari zake. Kila kitabu kinachomtaja Rebmann humtaja yeye kwa mstari mmoja au miwili kama kiongozi wa njia, kana kwamba alikuwa kibao cha barabarani. Hata hivyo, ni yeye aliyekuwa ameshafika huko kabla ya yule anayeitwa mgunduzi. Aprili 27, 1848, walitoka Rabai pamoja na wapagazi wasiofika kumi. Bwana Kheri alitaka waende wengi na wenye silaha, kama kila mtu mwenye akili alivyofanya katika njia ile ya simba, vifaru na wavamizi. Rebmann alikataa kubeba bunduki yake mwenyewe. Alibeba mwavuli. Kiongozi wake alilalamika sana, na sioni jinsi ya kumlaumu: mkuu wa msafara ndiye atakayeulizwa Mombasa iwapo Mzungu atapotea. Lakini mwavuli huo ulifanya kazi kwa jua, kwa mvua, na inasemekana hata kwa wanyama walioshtuka ulipofunguliwa ghafla.

Mei 11, 1848, asubuhi, wakiwa wamepita milima ya Bura na kushuka tambarare ya kuelekea Taveta, Rebmann aliona mbele yake mlima wenye kitu cheupe juu. Mwanzoni alidhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake ni nini kile. Bwana Kheri alijibu kwa neno moja tu: ni baridi.

Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko sehemu nyingine yoyote ya habari hii. Bwana Kheri hakusema fedha wala majini. Alikuwa amefika Uchagani mara nyingi kiasi cha kujua kwamba kule juu kuna baridi, na hakuwa na jina lingine la kuipa. Kiswahili kina neno theluji, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lakini mtu wa Mvita wa mwaka ule angelitumia wapi? Rebmann, mtoto wa kusini mwa Ujerumani aliyecheza katika theluji kila kipupwe, alielewa papo hapo. Maarifa mawili yalikutana hapo chini ya jua la Taita, na kila moja lilikuwa nusu. Rebmann peke yake asingefika pale kwa miguu yake. Bwana Kheri peke yake asingekuwa na sababu ya kumwandikia mtu London.

Walifika Kilema, ambako mtawala Masaki aliwapokea vizuri, na Juni wakawa wamerudi Rabai. Novemba mwaka huo huo Rebmann akarudi tena, safari hii hadi Machame kwa Mamkinga, katika nchi ya yule Rungua wa hadithi ya fedha. Katika safari hizi aligundua jambo ambalo wasimulizi wa Pwani hawakulijua: Wachagga wenyewe hawakuwa na fumbo lolote. Walikiita kitu kile Kibo, walijua kwamba kikiwekwa motoni kinakuwa maji, na walijua mito yao inatoka huko. Hadithi ya mlima wa fedha ilikuwa imekua njiani, kadiri ilivyozidi kuwa mbali na mlima.

Safari ya tatu, Aprili 1849, ndiyo iliyomvunja. Alichukua wapagazi wapatao 30 kwa sababu alikusudia kupita Uchagani kwenda Unyamwezi. Mamkinga alimpokea kwa maneno matamu, kisha siku baada ya siku akamchukulia nguo na bidhaa zote zilizokuwa nauli ya safari, hadi hakikubaki cha kwenda nacho mbele. Rebmann alilia mbele za watu. Alipoaga, wenyeji walimtemea mate, ambayo kwao ni baraka ya msafiri, naye kwa hali aliyokuwa nayo akaipokea kama tusi la mwisho. Alirudi Rabai Juni akiwa mgonjwa na mwenye njaa. Hakukanyaga Uchagani tena maisha yake yote.

Wakati huo huo habari yake ilikuwa imechapishwa London, katika jarida la shirika lake, mwaka 1849. Ungetarajia apongezwe. Badala yake alichekwa. Mwanajiografia mmoja wa London, William Desborough Cooley, mtu aliyeandika vitabu juu ya ndani ya Afrika bila kuwahi kuikanyaga, alishikilia kwamba theluji chini kidogo tu ya ikweta haiwezekani, na kwamba mmisionari huyo macho yake hayakuwa mazuri. Wengine walidhani aliona mawe meupe. Krapf naye, alipopita Maungu Novemba 1849 akielekea Ukambani, aliuona mlima ule ule kwa mbali kutoka hapo, weupe wake ukiwa wazi, na mwezi uliofuata akauona Mlima Kenya akiwa Kitui. Haikusaidia. Sasa wakawa wamisionari wawili wanaoota.

Tafakari hali hiyo, wewe msomaji wa Maungu au Voi. Kilichoonekana kwa macho kutoka kilima cha kwenu, kikathibitishwa na misafara ya Pwani iliyokwenda na kurudi kila mwaka, kilikanushwa na mtu aliyekaa mezani maelfu ya maili kutoka hapo, na aliaminiwa yeye. Haikumjia mtu yeyote London kwamba wangeweza kuwauliza wafanyabiashara wa Mombasa. Ilibidi aje baroni mmoja wa Kijerumani, Carl Claus von der Decken, aliyefika mlimani mwaka 1861 pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton, kisha akarudi 1862 na Otto Kersten na kupanda hadi zaidi ya mita 4,000, ambako theluji iliwaangukia wao wenyewe. Hapo ndipo mjadala ukaisha. Kilele chenyewe hakikufikiwa na Mzungu hadi Oktoba 1889, alipopanda Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller.

Rebmann hakungoja kuthibitishwa. Alikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler, mjane wa Kiingereza, wakarudi pamoja Rabai. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Waongofu walikuwa wachache mno hata shirika likaanza kuuliza kama inafaa kuendelea, lakini yeye alikataa kuondoka. Badala ya kutembea, akakaa akawasikiliza watu. Pamoja na mwenzake James Erhardt, aliyekuwa amekaa Tanga kwa muda, alikusanya habari za wenye misafara wa Mombasa, Tanga na kwingineko juu ya yaliyoko bara, na Erhardt akazichora kuwa ramani iliyochapishwa 1855 na 1856. Katikati yake palikuwa na ziwa moja kubwa la ajabu lenye umbo la koa. Wasomi walicheka tena, na safari hii walikuwa na sababu, kwa kuwa maziwa matatu, yaani Nyanza, Tanganyika na Nyasa, yalikuwa yameunganishwa kuwa moja. Lakini maziwa yalikuwapo! Ramani hiyo iliyotoka vinywani mwa Waswahili ndiyo iliyochochea Burton na Speke kutumwa. Wote wawili walimtembelea Rabai Januari 1857 wakitaka afuatane nao, lakini hakwenda.

Kazi yake ya lugha ni kubwa kuliko inavyokumbukwa. Alikusanya maneno ya Kirabai na ya Kiswahili kwa miaka mingi, na sehemu ya kazi hiyo iliingia katika kamusi kubwa ya Krapf iliyotoka 1882. Pia alitengeneza kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa bila kuwahi kufika huko. Alifundishwa na mtu mmoja aliyeletwa Pwani utumwani, jina lake Salimini. Kamusi hiyo ilichapishwa 1877, na jina la Salimini limesalimika kwa sababu Rebmann aliliandika. Katika hilo alikuwa mwaminifu kuliko wengi waliomfuata.

Emma alifariki 1866. Macho ya Rebmann yakaanza kufifia, kisha yakazimika kabisa. Yule ambaye adui zake walisema haoni vizuri akawa kweli haoni, lakini kwa wakati huo kila mtu alishajua kwamba alichokiona mwaka 1848 kilikuwa kweli. Aliendelea kukaa Rabai kipofu, akiongozwa na watu wa hapo. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, alisafirishwa Ulaya. Aliyemshika mkono katika meli na katika miji ya Ulaya alikuwa Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo. Tena Mswahili wa Pwani, au tuseme Mrabai, ndiye aliyekuwa kiongozi wake wa njia. Rebmann alifariki Oktoba 4, 1876, huko Korntal, karibu na kijiji alikozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Sasa turudi Marungu, maana hadithi ya hazina haikuishia Kilimanjaro.

Wasafiri wote hao waliovuka nyika macho yakiwa juu, wakitazama weupe wa mbali, walikuwa wakikanyaga ardhi yenye hazina ya kweli. Miaka ya mwanzo ya 1970 yakuti nyekundu, ile inayoitwa rubi, ilipatikana Mangare, upande wa magharibi wa Kasigau, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi. Waliosajili mgodi huo walikuwa wataalamu wawili wa miamba kutoka Marekani, na mwaka 1974 serikali iliwanyang'anya, jambo lililozua mzozo kati ya nchi mbili. Kipindi hicho hicho, Campbell Bridges, Mskoti kwa kuzaliwa, alipata huku Taita jiwe la kijani ambalo duka la Tiffany la New York lililipa jina la Tsavo na kuliuza dunia nzima. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 karibu na mgodi wake, katika ugomvi wa machimbo. Hiyo fedha nayo ilikuwa na majini yake, ila hawa walikuwa binadamu.

Vijana wa Marungu, Kasigau na Mwatate bado wanachimba. Wanashuka mashimoni kwa kamba, wanatoka na vijiwe kwenye karatasi, wanamuuzia dalali, na dalali anamuuzia mwingine. Bei ya jiwe huamuliwa mbali na shimo, na anayelifahamu thamani yake si yule aliyelichimba. Nikiwasikia, namkumbuka Bwana Kheri. Naye alikuwa na kitu cha thamani kubwa kuliko pembe zote alizowahi kupeleka Mombasa, na kikatajirisha jina la mwingine kwa sababu mwingine ndiye aliyejua mahali pa kukiuza. Simlaumu Rebmann kwa hilo. Hakuwahi kudai kwamba alifika peke yake, na jina la Bwana Kheri tunalijua kupitia kwake. Waliolifuta ni waandishi wa vitabu vya shule vya baadaye, na sisi tuliovisoma bila kuuliza.

Ukitaka kwenda, si mbali. Shuka Maungu, utapata matatu au bodaboda hadi Rukanga, kijiji cha chini ya mlima upande wa kaskazini. Kuna vijiji vingine kuuzunguka mlima, Bungule, Jora, Makwasinyi na Ngambenyi, na wenyeji watakuonyesha njia ya kupanda. Chukua kijana wa hapo akuongoze na umlipe vizuri, usibishane shilingi mia. Panda alfajiri. Huku chini ni miiba na vumbi jekundu, lakini ukikaribia kilele unaingia msitu wa mawingu, magome ya miti yamelowa, kuvu na majani ya baridi kila mahali. Maji yanayoshuka kutoka msitu huo ndiyo yanayonywewa vijijini. Mtu aliyeishi nyikani miaka miwili ya ukame hatakuambia kwamba hadithi ya fedha iliyogeuka maji ni hadithi ya hasara.

Waulize wazee pia habari za 1915. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Wajerumani waliushika Kasigau, na Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba waliwasaidia adui. Wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi walifia huko kabla jamii haijaruhusiwa kurudi mlimani miaka mingi baadaye. Hilo linastahili makala yake lenyewe.

Kilimanjaro yenyewe inapoteza weupe wake. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha yeyuka. Moja ya vipande vya barafu upande wa kusini kilipewa jina la Rebmann, na nyumba yake na ya Krapf huko Rabai zinatunzwa. Vema. Ombi langu kwa serikali ya kaunti ya Taita Taveta na kwa viongozi wa wadi ya Marungu ni dogo na halihitaji bajeti ya mamilioni: kwenye njia panda ya Maungu, pale matatu za Kasigau zinapopakia, pawekwe kibao chenye majina matatu, Bwana Kheri, Salimini na Isaac Nyondo, na chini yao jina la Johannes Rebmann. Herufi ziwe kubwa, dereva wa lori aweze kuzisoma akipita.